Mgonjwa wa Kitabuni

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa! Hospitali ya juu kilimani inatafuta muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mmoja tu. Mwisho wa kupeleka wasifu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na anayechagua ni matroni mwenyewe. Nimelisoma mara mbili nikiwa nimesimama juani. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja kusoma au kuhamia.

Tangu mchana nimekaa mezani kwa dada. Kalamu mpya, karatasi safi, chai. Nimeandika jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, chuo cha uuguzi. Nikafika kwenye UZOEFU. Chai ikapoa.

Uzoefu upi? Nimehitimu mwezi uliopita, cheti bado kinanuka wino. Wanataka mtu aliyewahi kufanya kazi ndiyo wampe kazi. Sasa yule wa kwanza kabisa alianzaje? Nani alimpa? Nimemuuliza dada. Amesema nitoe vikombe, anataka kukunjia nguo hapo.

Chuoni waliniita Kwa Nini. Walimu wengine walinipenda kwa hilo, wengine walijifanya hawauoni mkono wangu. Mimi nasema kuuliza si ujinga.

Jioni mjomba amepiga simu. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Ameshaniwekea kiti nyuma ya sanduku la misumari, na anasema nisipopata hospitali hadi mwisho wa mwezi, kiti ni changu. Alisema kwa upendo kabisa, hilo ndilo baya zaidi. Nimelia kidogo bafuni, maji yakiwa wazi dada asisikie. Miaka mitatu ya kuijua mishipa yote ya mkono, halafu nikapime misumari kwa kilo! Sitaki. Naitaka wodi ile.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji, mume wa dada, ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na mahakama. Nusu ya mji anauandikia wasifu yeye. Ni mtu wa utani na roho safi, lakini kwenye kompyuta yake upo wasifu mmoja tu, wa dereva wa lori. Kila anayekuja anabadilishiwa jina na picha, basi. Ndiyo maana mji huu mzima unapenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo.

Nilimpa nusu ukurasa wangu. Akautazama kwa huruma. Akasema karatasi isiyojaa inamdharau anayesoma. Tukaanza kuijaza. Siku niliyoshika taa wakati daktari anashona kidole cha mtoto imekuwa "kushiriki upasuaji wa viwango mbalimbali". Kupeleka chupa za mkojo maabara kumekuwa "uratibu wa idara". Ile wiki ya chanjo shuleni, ambako kazi yangu ilikuwa kuwapanga watoto mstari wasisukumane, imekuwa "usimamizi wa kampeni ya afya ya jamii". Nikamuuliza kama huu si uongo. Akasema si uongo, ni ukweli uliovaa suti.

Kurasa nne! Ukurasa wa tatu ulibaki na "leseni ya magari makubwa, madaraja yote". Tumeifuta. Nadhani tumeifuta kila mahali.

Nimeupeleka mwenyewe. Na nani nimemkuta akitoka wodi ya upasuaji, beseni mkononi? Pasi! Tulisoma darasa moja. Tulimwita Pasi kwa sababu mikunjo ya sare yake ingeweza kukata mkate. Anajitolea pale tangu wiki iliyopita. Bila malipo, kila siku, mbele ya macho ya matroni! Amenisalimia kwa furaha na kuulizia hali ya dada. Ujanja mtupu.

Ijumaa, 7 Machi

Usingizi haukai. Naiwaza meza ya matroni. Pasi ameniambia, wala sikumbana sana, kwamba wasifu zote matroni anazisoma mwenyewe, palepale wodini, mezani kwake katikati ya vitanda, kati ya raundi moja na nyingine. Anazisomaje? Anaanzia juu au chini? Anapita haraka wapi? Anarudia nini? Nikijua anachokitafuta, ninayo wiki nzima ya kuubadilisha wangu kabla droo yake ya wasifu haijafungwa.

Leo nimekwenda kuchungulia. Kwanza kama mgeni wa mgonjwa. Mlinzi akauliza mgonjwa yupi, nikasema yule wa mguu. Akauliza mguu upi. Nikasema nitarudi. Nikazunguka nyuma, nikapanda tofali chini ya dirisha. Nilikuwa nimeanza kuiona miwani ya matroni, mara mgonjwa wa dirishani akafumbua macho na kupiga yowe. Tofali likaniacha.

Mlinzi alinisindikiza hadi barabarani bila hasira. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba wanaokaa wodini siku nzima ni wa aina mbili: wafanyakazi na wagonjwa. Wengine wote wana saa zao za kuingia na kutoka.

Nimeyatafakari maneno hayo njia nzima. Mfanyakazi bado sijawa.

Jumamosi, 8 Machi

Kuchagua ugonjwa ni kazi. Kifua wanakipiga picha. Mfupa uliovunjika unahitaji kuvunjika. Homa inataka joto. Mimi nataka kitu cha wodi ya upasuaji, mtu alazwe siku moja au mbili akiangaliwa, kisha kipungue aende zake. Nimefungua kitabu changu cha mwaka wa pili. Kidole tumbo! Kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, na mpaka leo watu wanabishana kina kazi gani. Kikivimba, maumivu huanzia kitovuni na kuhamia chini kulia. Hamu ya kula hukatika. Mgonjwa hukunja mguu wa kulia. Daktari akibonyeza taratibu na kuachia ghafla, hapo ndipo mtu huruka. Kwenye mtihani swali hili nililipatia kuliko darasa zima, Pasi akiwemo.

Nimefanya mazoezi kwenye kochi. Dada ameingia akanikuta nimekunja mguu, nakohoa kwa uangalifu. Nikamwambia ni mazoezi ya viungo. Akasema viungo hivyo vingefaa kupiga deki.

Shemeji amekubali kunisindikiza Jumatatu. Alikataa kwanza, akasema hospitali si mahali pa mchezo, nami nikamuuliza kama ana hakika ile leseni ya magari makubwa aliifuta kote. Akakubali. Sharti lake ni moja, mkewe asijue. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Jumatatu, 10 Machi

Niko ndani! Kitanda cha katikati, na meza ya matroni naiona yote.

Shemeji alizidisha. Getini alilia kwa sauti, akasema mimi ndiye tegemeo la ukoo. Mlinzi alimletea maji yeye, mimi nikaachwa nimejikunja ukutani. Ni mlinzi yuleyule. Alinitazama sana, nikazidi kujikunja.

Daktari wa zamu ni kijana. Akaniuliza naumwa wapi. Nikamweleza. Kwamba maumivu yalianza jana asubuhi kuzunguka kitovu, ya kubanabana. Kwamba hadi jioni yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia, na sasa yamekaa hapo, yanazidi nikikohoa na nikitembea. Kwamba hamu ya kula sina, nimetapika mara moja, sijaharisha, na hedhi ilikwisha wiki iliyopita, kwa hiyo shida haiko upande huo. Aliacha kuandika. Alinitazama kwa shukrani. Akabonyeza, akaachia, nikaruka palepale panapotakiwa.

Akaita wanafunzi wake! Walinizunguka na madaftari. Aliwaambia waangalie vizuri, maana mtu anaweza kumaliza masomo yake yote asikutane na mgonjwa anayejieleza namna hii. Nilijivuna, sitaficha. Nikawaonyesha tena mahali pa kubonyeza.

Kisha wakaning'iniza kibao juu ya kichwa changu: ASILE WALA ASINYWE KITU. Mkononi wakaniwekea dripu. Hilo la kutokula lilinitoka akilini. Kitabuni lilikuwa ukurasa wa nyuma.

Jumanne, 11 Machi

Nilidhani wodi naijua. Kumbe nilikuwa naiona kwa juu tu. Ukiwa umelala ni pengine kabisa: dari, matundu ya pua za watu, na viatu. Nesi unamjua kwa mwendo kabla hujamwona. Yupo anayekuamsha akuulize kama umelala. Yupo anayezungumza na chati na si na wewe. Na yupo anayesugua viganja vyake kwanza vipate joto ndipo akushike. Huyo ni Pasi. Imeniudhi. Nani alimfundisha? Somo hilo mimi silikumbuki, na sikukosa darasa hata moja.

Pasi alinitambua mara moja. Alishtuka kweli, akanibadilishia shuka, akanichana nywele. Akamwambia matroni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nauliza maswali mengi kuliko wote chuoni. Sijajua kama alinijenga au alinibomoa.

Kitanda cha kulia, karibu na dirisha, yupo bibi aliyepasuliwa nyonga. Ndiye aliyepiga yowe Ijumaa. Ananisimulia kuna mwizi anayechungulia madirishani, ana macho makubwa. Nimemhakikishia kwamba mwizi huyo hatarudi. Leo asubuhi daktari alimuuliza anaumwa wapi. Bibi akaanza na ndoo aliyomwazima jirani, akapitia mvua, ngazi, mbwa wa mpangaji mpya na ubishi wa mkwewe, ndipo nyonga ikaingia. Daktari alikuwa ameegemea ukuta. Nilimuonea bibi huruma. Hana mpangilio kabisa.

Na matroni? Ni mfupi, miwani yake ina kamba, haraka hana. Wasifu zimerundikana mezani. Anasoma kalamu ikiwa mkononi lakini haandiki kitu. Nyingine anazipita kwa kufumba na kufumbua. Mmoja umemchekesha hadi akavua miwani na kujifuta macho, akaurudia tena tangu mwanzo. Ulikuwa na kurasa nne. Nilivuta shuka hadi puani.

Saa za wageni akaja dada. Shemeji alishindwa kuficha, akamwambia nimelazwa, lakini akashindwa kumwambia kwa nini. Dada alibeba supu kwenye chombo chenye mfuniko, amekifunga na kitambaa ili isipoe. Akakiona kibao. Akakaa na ile supu mapajani muda wote, amenishika mguu, analia bila sauti. Akasema nisamehe ile habari ya kupiga deki. Akasema amempigia mama, na mama anapanda gari kesho. Hapo niliumwa kweli, ila si tumboni. Nilitaka kumwambia. Bibi alikuwa amegeuza sikio lake zima upande wetu.

Jioni daktari kijana amerudi na majibu. Damu yangu ni safi, joto ni la kawaida. Anashangaa sana. Lakini anasema dalili ni dalili, na kesho atanipeleka kwa daktari bingwa nipasuliwe. Kupasuliwa! Nikamwambia haraka kwamba maumivu yamepungua. Yamekwisha kabisa, nikamwambia. Uso ukambadilika. Maumivu ya kidole tumbo yakikatika ghafla, akasema, huenda kimepasuka.

Ni kweli. Niliwahi kuliandika hilo mwenyewe, kwenye jibu langu la mtihani.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi daktari kijana aliniletea karatasi ya kukubali upasuaji. Na kalamu. Akasema nisome bila wasiwasi, atarudi.

Nikaisoma. Nikisema ukweli, wodi hii naiaga leo, na misumari ya mjomba inanisubiri maisha. Nikisaini, natoka na kazi labda, na kidole tumbo sina. Nilianza kujiuliza kina faida gani hasa. Watu wangapi wanaishi bila hicho, na wanapendeza? Niliishika kalamu. Ndiyo, niliishika. Maji nilikwisha kuyavulia nguo.

Ndipo nikatazama upande wa dirisha. Bibi alikuwa kimya. Bibi hawi kimya. Mkono wake wa dripu ulikuwa umelala juu ya shuka, na ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Ngozi inang'aa kuzunguka sindano. Dripu inadondoka, lakini maji hayaingii kwenye mshipa, yanajaa chini ya ngozi. Yeye amebana midomo tu, anatazama dari. Pasi alikuwa mwisho wa wodi, anamgeuza mgonjwa pamoja na mwenzake.

Sikumbuki kushuka kitandani. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi. Nikausukuma mti wa dripu yangu, nikafunga dripu yake, nikaugusa mkono. Wa baridi. Nikauinua juu ya mto, nikamwambia bibi asiogope, sindano imetoka njiani, watamwekea nyingine. Nikamwita Pasi kwa sauti. Nikamuuliza bibi kwa nini hakusema. Akasema aliona manesi wana kazi nyingi, na mwenzake wa jirani anakwenda kupasuliwa, ataanzaje kulalamikia mkono.

Nilikuwa bado nimesimama wima, mkono wa bibi mikononi mwangu, tumbo haliniumi hata kidogo.

"Unatembea vizuri," matroni akasema nyuma yangu.

Alinikalisha kwenye kiti kando ya meza yake. Hakufoka. Ningependa afoke. Alizifungua kurasa zangu nne, akaweka kidole karibu na mwisho wa ukurasa wa nne. Leseni ya magari makubwa, madaraja yote. Akauliza kama nimekuja na lori. Nikaanza kulia, nikamweleza yote, tangazo, tofali, kochi, shemeji, mjomba. Nilieleza ovyo, nikirudi nyuma na kuruka mbele. Alisikiliza hadi mwisho.

Akaniambia hakuna aliyekuwa anakwenda kunipasua. Daktari bingwa aliona majibu ya damu mapema asubuhi, akasema niangaliwe tu. Kijana ndiye aliyekimbilia karatasi kabla hajaambiwa. Nikamuuliza yeye alinijuaje.

"Mgonjwa wa kweli huanza na ndoo," akasema. "Wewe ulianza na kitovu. Dalili zako na wasifu wako vimeandikwa na mtu mmoja, binti. Vimekamilika mno. Sasa nieleze, mkononi mwa bibi uliona nini?"

Nikamwambia. Kwamba bibi alikuwa kimya na si kawaida yake. Kwamba mkono mmoja ulikuwa mnene, ngozi inang'aa, na nilipogusa ulikuwa wa baridi. Akauliza kwa nini niliuinua. Nikamweleza kwa nini. Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi hivyo, tena akalisubiri jibu.

"Hayo ndiyo nataka kuyasoma," akasema. "Ukurasa mmoja. Yaliyofanywa na mikono yako mwenyewe, basi. Ijumaa saa kumi nafunga droo."

Kisha akanituma kumwomba radhi daktari kijana mbele ya wanafunzi wake. Alisononeka sana. Alikuwa ameshanipigia mstari kwenye somo la wiki ijayo. Bibi aliniita, akasema macho yangu ameyaona mahali. Nikaharakisha kuvaa viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Dada hasemi nami. Anasema na sufuria. Mama alikuwa ameshafika stendi aliposikia, akarudi nyumbani na mzigo wake, akaacha ujumbe kwamba atacheka akishamaliza kukasirika. Shemeji amelala kochini, na kochi ndilo kitanda changu, kwa hiyo nimelala kwenye mkeka na nimekubali.

Niliomba msamaha jikoni. Nilisema sawasawa, bila kujitetea: ulilia kwa ajili yangu na mimi nilikutazama ukilia. Dada aliosha sahani moja kwa muda mrefu. Halafu akanipashia ile supu, akanisimamia hadi nikaimaliza.

Siku zote zile za hospitali nilikuwa nafikiri nijazie nini. Leo nimefikiria nibakize nini. Nimeandika kwamba nimetandika vitanda vyenye watu ndani. Nimeandika kwamba nimeshika taa wakati kidole cha mtoto kikishonwa, na mkono mwingine nilimshika mtoto. Nimeandika kwamba najua kusafisha kidonda nikisimamiwa, na peke yangu bado naogopa kidogo. Nimepanga watoto mstari wa chanjo, na wale waoga niliwaweka katikati, wasiwe wa kwanza kuiona sindano wala wa mwisho kuingoja. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwenye kurasa nne halikuwemo.

Shemeji alipouchapa alihuzunika kwa weupe uliobaki chini. Akaomba angalau aweke kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo. Nikakataa. Nilijisikia mtu mzima.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeupeleka. Mlinzi alinifungulia geti na kuniuliza leo naumwa nini.

Matroni hakuwepo mezani. Nimeukabidhi kwa Pasi, kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumtuhumu chochote. Nilimuuliza tu nani alimfundisha kupasha viganja joto. Akasema hakuna. Mikono yake huwa ya baridi tangu utotoni, siku ya kwanza mgonjwa mmoja alimwambia anashikwa na samaki, akaona aibu. Nilikuwa nimemtengenezea mipango mikubwa kichwani. Nimejisikia vibaya kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Simu! Simu yenyewe! Nafasi amepewa Pasi. Nilikaa chini. Halafu matroni akaendelea, kumbe hakuwa amemaliza. Nesi mmoja wa wodi hiyohiyo anakwenda likizo ya uzazi, na mimi nichukue nafasi yake kwa majaribio ya miezi mitatu. Akasema ukurasa wangu aliusoma mara moja tu, haukuhitaji mara ya pili. Nianze Jumatatu, ila kabla ya hapo nipimwe afya kama mfanyakazi yeyote mpya.

Dada alipiga vigelegele hadi mpangaji wa juu akagonga sakafu. Shemeji anasema siri ya mafanikio ni mchapaji. Mjomba ananipongeza, na anasema kiti chake hatakiondoa kwa sasa, dunia ina mambo.

Nimejifunza, na naandika hapa nisisahau: ukweli mfupi unatosha. Nitaishi hivyo tangu leo.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa nimelala kwenye kitanda cha chumba cha vipimo. Daktari ametoka kidogo.

Yote yalikwenda vizuri. Uzito, macho, presha. Daktari ni mama mmoja mtaratibu wa jengo la pili, hanijui. Kisha akafungua faili langu, na mle ndani zilikuwemo karatasi za wiki iliyopita. Akasoma: anashukiwa kidole tumbo, aandaliwe kupasuliwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Hakuna aliyeandika mwisho wake. Akaniuliza iliishia wapi.

Ningeweza kumwambia. Matroni anajua, daktari kijana anajua, hata mlinzi anajua. Lakini nikawaza, mfanyakazi mpya mwenye kidole tumbo kinachoshukiwa, atapitishwa kweli? Na hadithi ya tofali, nianzie nayo siku kama hii? Nikasema kilikwisha kutolewa. Daktari akafurahi, akaweka alama ya vema. Nami nikafurahi.

Akasema nilale aone kovu.

Nimelala. Ametazama upande wa kulia. Amevaa miwani. Ametazama upande wa kushoto. Nikamwambia kwetu tunapona haraka. Akasema haraka hii hajapata kuiona, na kwamba ni vizuri matroni aje aione pia. Amekwenda kumwita.

Basi nimebaki nafikiri. Kitabuni ipo! Siku hizi wanapitishia vyombo kwenye kitovu, kovu linajificha mlemle ndani, usipojua huwezi kuliona. Ni kweli tupu, ina hadi mchoro. Viatu vya matroni navisikia koridoni, haraka hana. Muda upo. Nayapanga maelezo tangu mwanzo hadi mwisho, kitovu kwanza, yasipungukiwe na kitu.